Mbwa Asiyetakiwa na Uzee Wake: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wafugaji wa Masasi na Newala

Umri wa mbwa wa kijiji ni kipimo cha afya ambacho hakiandikwi katika daftari la zahanati. Katika vijiji vingi vya Tanzania mbwa huzaliwa kwa wingi na hufa mapema: wengine kwa minyoo na kupe, wengine kwa njaa, wengine kwa gari, kwa mtego au kwa rungu. Ni wachache wanaofikia umri wa kuota mvi mdomoni. Mtu anapomwona mbwa mwenye uso mweupe kwa uzee, amelala kivulini mwa mkorosho katika kijiji cha Masasi au cha Newala, anaona kitu adimu. Mbwa huyo amepita miaka mingi ya hatari bila kuwa sababu ya kifo cha mtu. Makala haya yanaeleza jinsi hilo linavyowezekana, kwa nini linamhusu muuguzi sawasawa na afisa mifugo, na namna ya kutofautisha maradhi ya uzee wa mbwa na kichaa cha mbwa. Katika jambo hili la mwisho, kukosea kunagharimu maisha.

Mbwa asiyechaguliwa

Katika baadhi ya miji mikubwa kuna nyumba za kuhifadhi mbwa waliotelekezwa, ambako mtu huenda, akachagua, akatia saini na kuondoka na mnyama wake. Hata huko wapo wasiochaguliwa: wakubwa kwa umri, wenye kilema, wenye woga, na wale waliowahi kuuma. Mtoto wa mbwa hupata kwao upesi. Mbwa mzima mwenye jicho moja husubiri.

Masasi na Newala mbwa asiyetakiwa huonekana gulioni karibu na mabucha, au hubaki shambani baada ya wenyewe kumaliza msimu wa korosho na kurudi kijijini. Mara nyingi ni jike. Kaya inayotaka mlinzi wa kufukuza nguruwe pori na ngedere hupendelea dume, kwa kuwa jike huleta watoto na watoto huleta kazi. Akiwa jike tena kilema, aliyekwisha kukomaa, hakuna anayemwita.

Wakazi wengi wa eneo hili ni Waislamu, na Wakristo nao ni wengi, hasa Masasi na Ndanda zilizo na misheni za miaka mingi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na kusini, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hukumu hiyo haikatazi kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au shamba. Inachofanya ni kumweka mbwa nje ya nyumba, penye banda lake na chombo chake. Kwa jicho la tabibu utaratibu huo una faida, kwa maana hupunguza mayai ya minyoo na viroboto mahali watoto wanapolala, na mhudumu wa afya hana sababu ya kubishana nao. Akumbushe jambo moja tu: kujitoharisha ni ibada, na jeraha la kuumwa lina kanuni yake nyingine, nayo ni maji mengi na sabuni kwa dakika 15.

Chukuliwe mfano wa kufundishia wa kaya moja ya wakulima wa korosho, upande wa Newala, ukingoni ambako ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini. Shambani mwao kumebaki jike mweusi wa umri wa kama miaka mitatu, ambaye wayo wa mguu wake wa nyuma umekatwa na waya wa mtego. Vijana wanashauri auawe. Mama wa nyumba anamwekea makoko ya ugali pembeni ya jiko la nje, na anapoulizwa sana anampa jina: Mwacheni. Majina ya mbwa vijijini huwa ni barua kwa majirani, na hili lilisomeka bila shida.

Kaya inayompokea mbwa mzima asiyejulikana historia yake inapaswa kufahamu jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimwokoi mnyama aliyekwisha kuambukizwa. Tangu mbwa aumwe na mnyama mwenye kichaa hadi aonyeshe dalili, kwa kawaida hupita wiki mbili hadi miezi minne, na mara chache hufika miezi sita. Kwa hiyo mbwa kama Mwacheni achanjwe mara apatikanapo, lakini miezi ya mwanzo asiachwe peke yake na watoto wadogo, asivutwe kwa nguvu, asisumbuliwe anapokula, na mabadiliko yoyote ya ghafla ya tabia yaripotiwe kwa afisa mifugo. Katika kipindi hicho apewe dawa ya minyoo, aogeshwe kwa dawa ya kupe, na mguu wake utazamwe. Akipatikana mtaalamu wa kumfunga uzazi, na afungwe. Hapo kaya imeondoa kwa siku moja swali la watoto na hatari mbili za uzeeni zitakazoelezwa mbele.

Hesabu ya asilimia 70

Shirika la Afya Duniani linapendekeza asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe katika kila kampeni. Wengi huisikia namba hiyo bila kuelezwa imetoka wapi. Kichaa cha mbwa hakisambai kwa kasi kama surua. Kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mbwa wachache mno, kati ya mmoja na wawili. Kwa hiyo ugonjwa hukatika hata kama kinga ya kijiji iko chini ya 70. Asilimia hizo huwekwa juu kwa sababu kinga ya kijiji huvuja kila siku baada ya wachanjaji kuondoka: waliochanjwa hufa, na wanaozaliwa hawana kinga.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Kijiji kina mbwa 100 na 70 wamechanjwa. Ikiwa kwa mwaka hufa mbwa 35 katika kila 100 na nafasi zao kuchukuliwa na watoto, waliochanjwa watabaki kama 45 tu kampeni ijayo inapofika. Kijiji cha pili kina idadi ile ile na chanjo ile ile, lakini mbwa wake wanatunzwa na hufa 15 tu. Huko watabaki kama 60. Vijiji vyote viwili vimetumia dozi 70, na tofauti yao imetokana na maisha marefu ya mbwa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kasoro ya kuwaua mbwa ovyo kila inapotokea hofu. Rungu halibagui aliyechanjwa na asiyechanjwa. Baada ya wiki chache nafasi zilizoachwa wazi hujazwa na watoto wa mbwa na wageni kutoka vijiji jirani, wote bila kinga, na kijiji kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa kabla ya hofu. Ifahamike pia kwamba watoto wa mbwa hawapaswi kurudishwa nyumbani siku ya chanjo kwa kisingizio cha udogo. Katika kampeni za umma mbwa wa kila umri huchanjwa, hata walio chini ya miezi mitatu.

Yaliyoonekana Lindi na Mtwara

Eneo hili lina historia yake katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010 kusini-mashariki mwa Tanzania kulifanyika mradi wa kuonyesha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa, ukiratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Taasisi ya Bill na Melinda Gates, katika wilaya 28, zikiwamo za mikoa ya Lindi na Mtwara. Mbwa walichanjwa kwa awamu, na upatikanaji wa chanjo kwa watu walioumwa uliboreshwa.

Watafiti walifuatilia matukio katika mikoa hiyo miwili tangu Januari 2011 hadi Julai 2019, wakianzia kwenye madaftari ya hospitali ya watu walioumwa, kisha wakaenda vijijini kumtafuta mnyama aliyeuma. Walipata watu 688 waliodhaniwa kuumwa au kuguswa na mate ya wanyama wenye kichaa, na kati yao 47 walikufa. Mbwa walihusika katika matukio 389, na mbweha katika 262. Kwa upande wa wanyama walioelekea kuwa na kichaa walihesabiwa 549, wakiwamo mbwa 303 na mbweha 221.

Hiyo hesabu ya mbweha inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Afrika mbwa huchukua karibu matukio yote. Mkulima wa Masasi anayelala kibandani kulinda korosho anakabiliwa na hatari ambayo mtu wa Dar es Salaam haijui. Hata hivyo, mbwa walipochanjwa kwa miaka mfululizo, kichaa kilipungua kwa watu na kwa wanyama. Mpango uliposimama, mbwa wenye kichaa walianza kuongezeka tena katika wilaya mojawapo ya upande wa kaskazini wa eneo la utafiti. Pemba nako somo lilikuwa hilo hilo. Ugonjwa uliondoka kisiwani mwaka 2014, ukarudishwa kutoka bara mwaka 2016, na ikabidi chanjo irudiwe hadi ulipokatika tena mwaka 2018.

Mbwa aliyechanjwa anayeishi kwenye mpaka wa shamba na pori ni ukuta kati ya mbweha na watoto wa nyumba hiyo. Ukuta huo una kadi, na kadi ina tarehe. Kaya nyingi huihifadhi kadi mwaka wa kwanza kisha huipoteza, ilhali umuhimu wake hukua kadiri mbwa anavyozeeka. Kinga ya dozi moja hudumu mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na aina ya chanjo, na pale ambapo kampeni ni za kila mwaka ni salama zaidi kumpeleka kila mwaka. Umbali wa kijiji kutoka kwenye jokofu hauna budi kuangaliwa, lakini usiwe kizuizi cha moja kwa moja: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa ilibaki na nguvu baada ya kuwekwa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30.

Dalili za uzee

Mbwa wa ukubwa wa kawaida wa vijijini, akitunzwa, anaweza kuishi miaka kumi, hata kumi na mitatu. Uzee wake huanza polepole kuanzia mwaka wa saba au wa nane, na wenye nyumba huwa wa mwisho kuugundua kwa sababu humwona kila siku. Katika kaya ya mfano, mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni wakati Mwacheni anaokotwa amefika darasa la tatu, naye ndiye anayesema kwamba mbwa haji tena anapoitwa. Kumbe masikio yamekwisha.

Macho huwa na rangi ya buluu hafifu kama moshi. Hali hiyo peke yake ni ya kawaida, na mbwa bado huona. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: mboni huwa nyeupe kama maziwa, na mbwa hugonga ndoo iliyohamishwa. Kwa mbwa kipofu dawa kubwa ni kuacha vitu vyake mahali pamoja. Viungo huuma, hasa nyonga na magoti. Kwa mbwa mwenye miguu mitatu mizima maumivu huja mapema, kwa maana mguu wa pili wa nyuma umebeba mzigo wa miwili kwa miaka yote. Huinuka kwa shida asubuhi, hasa wakati wa baridi ya Juni na Julai juu ya uwanda, na hutembea vizuri zaidi akisha kupata joto. Gunia kavu la kulalia na uzito usiozidi humsaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hapa ni lazima kutoa onyo. Vidonge vya maumivu vya nyumbani si dawa za mbwa. Diklofenaki na aibuprofeni humtoboa tumbo na kumwua figo, hata kwa kiasi ambacho kwa mtu ni kidogo, na parasetamoli huweza kumharibu ini. Huruma ya namna hiyo imewaua mbwa wengi wazee.

Meno huchakaa na kuoza. Mbwa huacha mifupa, hula upande mmoja, mdomo hunuka. Apewe uji mzito wa dona uliotiwa dagaa waliopondwa. Figo zikidhoofu, hunywa sana na kukojoa sana. Juu ya uwanda hili huwa jambo la uchumi, kwani mchanga wa huko hunyonya mvua yote, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala wameteremka mabonde kutafuta maji. Mbwa anayemaliza kibuyu cha pili kabla ya adhuhuri huleta maneno jikoni. Asinyimwe hata hivyo, kwa maana mgonjwa wa figo akinyimwa maji hufa kwa siku chache.

Jike ambaye hakufungwa uzazi aangaliwe kwa mambo mawili. La kwanza ni uvimbe wa matiti, unaoanza kama harage chini ya ngozi. La pili ni usaha katika mji wa mimba, ambao huja wiki kadhaa baada ya joto: jike hunywa sana, hukataa chakula, tumbo hujaa, na pengine hutoka uchafu wenye harufu. Hii ni dharura, na bila upasuaji wengi hufa.

Akili nayo huzeeka. Mbwa husimama pembeni ya ukuta akiutazama, hulia usiku bila sababu, husahau mlango, pengine humnusa mwenyeji wake kama mgeni. Ni mabadiliko ya ubongo yanayofanana kwa kiasi na ya wazee wa kibinadamu, na ndiyo yanayowatia watu hofu kuliko yote, kwa sababu neno la kwanza linalowajia vinywani ni kichaa.

Uzee au kichaa?

Kigezo bora ni muda. Uzee hubadili mbwa kwa miezi na miaka, kichaa kwa siku. Mbwa mwenye kichaa akisha kuonyesha dalili kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Hubadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi. Huuma bila kuchokozwa, watu, mifugo, hata mti. Hutangatanga mbali na kwao, sauti hukwama, taya hulegea, mate humtoka, miguu hupooza. Mbwa mzee huuma anapoguswa panapouma au anaposhtuliwa usingizini, huuma mara moja, kisha hujikunyata. Isisahaulike kwamba kuna kichaa cha kimya, ambacho mbwa hapigani na mtu, hupooza tu. Mtu anayeingiza mkono kinywani mwa mbwa mzee aliyelegea taya, akidhani amekwamwa na mfupa, anajiweka katika hatari kubwa.

Yafuatayo ni mazungumzo ya kufundishia, katika zahanati ya kijiji. Bibi ameleta mjukuu aliyeumwa kwenye kiganja na Mwacheni, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mwenzio ameumwa na mbwa wetu."

"Poleni sana. Mmemwosha?"

"Kwa maji tu. Sabuni haikuwa karibu."

Muuguzi haendelei kuuliza. Anamsogeza mtoto kwenye ndoo ya bomba, anaanza kuosha kwa sabuni, na maswali yanafuata huku maji yanatiririka. Mpangilio huo ndio wa kuigwa.

"Mbwa yuko wapi sasa hivi?"

"Amefungwa chini ya mkorosho. Baba yake huyu anasema akirudi shamba atampiga rungu."

"Asimpige, bibi. Tunamhitaji akiwa hai. Ilikuwaje?"

"Mtoto alimwangukia nyongani, amelala. Haoni vizuri, masikio hayasikii."

"Hali hiyo ya kutoona ilianza lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi."

"Je, miezi ya karibuni amepigana na mnyama yeyote? Mbwa mgeni, mbweha?"

"Hatoki uani huyu. Na kadi yake ninayo, ya mwaka jana."

Kila jibu la bibi lina uzito. Mbwa alichokozwa, hali yake ni ya muda mrefu, anaishi uani, ana chanjo. Yote yanapunguza uwezekano wa kichaa. Lakini eneo ni la kichaa cha mbwa, jeraha limetoboa ngozi na kutoa damu, na liko mkononi, penye mishipa mingi ya fahamu. Kwa hiyo jeraha ni la daraja la tatu, na katika eneo kama hili tiba huanza bila kusubiri. Mtoto anapewa chanjo siku hiyo, na imunoglobulini ikipatikana hudungwa ndani ya jeraha na kulizunguka, mara moja tu, mwanzoni mwa tiba. Jeraha halishonwi ikiwezekana kuepukwa, halipakwi pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kinga ya pepopunda huangaliwa. Zahanati isiyo na chanjo haimwambii bibi arudi nyumbani akasubiri. Inaandika barua ya rufaa na kumpeleka siku hiyo hiyo.

Kwa ratiba ya chanjo ya ndani ya ngozi iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, dozi hutolewa sehemu mbili za mwili siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7. Msomaji makini atauliza: kama dozi zimekwisha siku ya saba, kuna haja gani ya kumwangalia mbwa kwa siku kumi? Haja ipo. Kituo kinachotumia ratiba ndefu ya sindano za msuli husitisha dozi zilizobaki mbwa akiwa mzima baada ya siku hizo. Zaidi ya hapo, mbwa ndiye ushahidi wa kijiji. Akibaki hai na mzima siku kumi tangu alipouma, mate yake hayakuwa na virusi siku ile, na wote aliowaramba au kuwakwaruza wakati huo wametoka hatarini. Akifa au akibadilika, afisa mifugo hupewa taarifa, sampuli ya ubongo huchukuliwa, na watu wengine hutafutwa kabla hawajaugua. Mbwa aliyepigwa rungu na kutupwa porini hawezi kueleza lolote kati ya hayo, na mama wa mtoto hukaa na swali lake kwa miezi.

Kanuni ya siku kumi ni ya mbwa na paka peke yao. Aliyeumwa na mbweha hana cha kusubiri wala cha kuangalia. Aoshwe, achanjwe, apewe imunoglobulini. Dalili zikisha kumtokea mtu, hakuna tiba ya kutegemewa. Duniani watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto.

Kuhusu hatari nyingine kutoka kwa mbwa mzee, maelezo mafupi yanatosha. Mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa hutoboa ngozi ya nyayo na kuacha mchirizi unaowasha. Mayai ya minyoo mingine huingia vinywani mwa watoto wanaocheza mchangani. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila baada ya miezi mitatu, kufukia kinyesi na kuvaa viatu hukinga sehemu kubwa. Funza humwingia mbwa nyayoni na kuzaliana hapo, kisha huhamia kwa watoto. Anayetibu funza za watoto bila kutazama nyayo za mbwa anajaza pakacha maji.

Siku za mwisho

Hufika wakati mbwa haamki kujisaidia, hali kwa siku mbili, na hutweta kwa maumivu usiku kucha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumwacha afe polepole kwa maumivu yanayoweza kukomeshwa ni namna ya kumtesa. Daktari wa mifugo anaweza kummaliza kwa dawa bila uchungu. Wengine kijijini huona ni dhambi, wengine huona ni wajibu. Ni vema mwenye mbwa aelezwe njia zote mbili bila kusukumwa. Akichagua kungoja, basi apunguze maumivu kadiri inavyowezekana: kivuli, maji karibu na mdomo, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kumfukuzia nzi.

Mbwa aliyekufa kwa uzee anaonekana hana hatari, na kwa kawaida hana. Bado asishikwe kwa mikono mitupu, hasa na mwenye mchubuko, wala asiburutwe na watoto. Azikwe kwenye shimo lisilopungua mita moja, mbali na kisima, na udongo ushindiliwe kwa mawe au miiba, kwa sababu mbweha hunusa na kufukua. Akitupwa pembeni ya shamba, huwaita wanyama wale wale ambao maisha yake yote alikuwa akiwazuia.

Baada ya hapo afisa mifugo aarifiwe ili idadi ya mbwa waliochanjwa kijijini isahihishwe, na kadi ya marehemu itunzwe hadi kampeni ijayo. Mara nyingi kabla ya msimu wa korosho kuanza mwezi wa Oktoba kaya huwa imekwisha kuletewa mtoto wa mbwa na jirani. Huyo achanjwe hata kama hajatimiza miezi mitatu, na kadi yake iandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jina lake.